Bongo za Mbuzi wa Bi Mize

Karatasi ya Zuwena ilikuwa na mistari minne tu, na ndiyo iliyomfanya Mzee Shaib asiitikiwe salamu mtaani kwake Pangani. Mbuzi sita wa jirani yake, Bi Mize, walikufa siku moja kando ya shamba la nyanya la Shaib. Zuwena, mpimaji wa maabara ya mifugo mjini Tanga, alipima katika bongo zao kimeng'enya ambacho dawa ya wadudu hukishusha. Kilikuwa chini mno kuliko cha mbuzi wazima wa machinjioni. Akaandika: sumu.

Miezi mitano baadaye Masoud, bwana mifugo aliyevileta vichwa vya mbuzi wale kutoka Pangani, alipita maabara akipiga soga. "Siku ile, dada, nilinyimwa deli la barafu kila mlango. Nani atoe deli lake la samaki litiwe nyamafu? Nikavitia kapuni, vikashinda juani mpaka nikapata pikipiki."

Zuwena hakucheka. Mbuzi wa machinjioni walichinjwa kwa bismillahi, kwa hiyo barafu ya vichwa vyao ilipatikana bila maneno. Alikuwa amelinganisha kilicholala barafuni na kilichoshinda juani, wala hakuuliza. Mtu mzima na koti lake jeupe, hakuuliza!

Kesho yake alinunua kichwa cha mbuzi aliyechinjwa asubuhi ile, akaugawa ubongo: nusu barafuni, nusu kapuni juani. Alasiri akapima. Kimeng'enya cha nusu ya kapuni kilikuwa kimeshuka karibu sawa na cha bongo za mbuzi wa Bi Mize. Aibu ikamjaa, akapanda gari la Pangani.

Alimkuta Shaib barazani kwake, peke yake. Akamwamkia shikamoo, akaeleza yote bila kujitetea.

"Kwa hiyo sikuwaua?" mzee akauliza, uso ukamkunjuka.

Zuwena alitamani mno kusema hukuwaua. "Sijui, baba. Bongo zenyewe zilishaharibika. Ninalojua ni kwamba kipimo changu hakikustahili kukuhukumu."

Uso ukakunjamana tena. Shaib akatafuta kandambili zake kwa mguu. "Twende kwa Mize ukamwambie hivyo hivyo."

"Haitakusafisha, baba."

"Najua. Lakini miezi mitano sijabisha hodi pale."

Walipofika, Shaib aliinua mkono, ukabaki hewani. Zuwena akabisha yeye.

"Nani?" Bi Mize aliuliza kutoka ndani.

"Zuwena wa maabara," akajibu. "Niko na Mzee Shaib. Nimekuja kusema nilikosea."