Saa Zenye Haraka

Wa kwanza kulalamika alikuwa refa. Aliingia dukani kwa Bi Dakika uso umemkunjamana, akaivua saa yake ya mkono na kuiweka juu ya meza ya kazi kama mtu anayemrudishia mwenzake matusi.

"Bibi, hii saa uliyonitengenezea itanitoa roho," alisema. "Jana nimepuliza kipenga cha mwisho, kumbe mpira bado una muda. Na waliokuwa wanafungwa ni wenyeji! Unajua nimetokea wapi? Dirisha la choo."

Bi Dakika alitamani kucheka, akajizuia. Hilo jina la Bi Dakika alipewa na wateja, kwa kuwa saa iliyopita mikononi mwake haikupoteza dakika wala kuiongeza. Alijifunza ufundi kwa marehemu baba yake, akauendeleza akiwa mke, na sasa ni mjane bado anauendeleza. Umri wake hakupenda kuutaja, ingawa magoti yake yalikuwa yakiutangaza kila alipoinuka. Akaifungua saa ya refa, akaisikiliza. Kweli, ilikuwa inakwenda mbio kana kwamba inadaiwa.

Baada ya refa akaja mwoka mikate, aliyewasha tanuri unga wake haujaumuka. Akaja na bwana harusi, aliyefika ukweni mapema mno hata wakwe wakadhani ana njaa. Zote zilikuwa saa za kutia ufunguo, zile zisizojua betri ni nini, na zote zilikuwa zimetoka kwake zikiwa sawasawa. Alizipima mezani mwenyewe, akaridhika, akazifungia kwenye droo ya kazi zilizokamilika zisubiri wenyewe. Wenyewe wakazichukua, na baada ya siku mbili tatu wakarudi nazo zikikimbia.

Alizitengeneza upya. Zikakimbia upya.

Hapo ndipo Bi Dakika alipoanza kuiangalia mikono yake. Akibaki peke yake aliinyoosha juu ya meza na kuitazama kama mashahidi asiowaamini. Mkono wa kulia ulitetemeka kidogo. Au ulitetemeka kwa sababu anautazama? Hakujua. Alichojua ni kwamba fundi saa asiye na mikono hana tofauti na mtu yeyote aliyekaa dukani kupigwa na upepo, na wazo hilo lilimuuma kuliko magoti.

Mwanawe, aliyekuwa muuguzi hospitalini, alikuja jioni moja na kumkalisha chini kwa upole. Upole wenyewe ndio uliomtisha mama.

"Mama, umefanya kazi sana. Pumzika sasa. Kuna kijana anauza simu, anapataka hapa. Ijumaa nimkabidhi ufunguo?"

Bi Dakika alitafuta neno la kukataa, akaona picha ya refa anachungulia dirisha la choo. "Ijumaa," alisema. Mwana akamshika bega, akaondoka bila kumtazama usoni.

Sasa, dukani mle kulikuwa na mtu wa pili, na ni kosa langu kuchelewa kumtaja, maana mwenyewe hakubali kuchelewa kutajwa. Ni binti wa yule muuguzi, mwanafunzi aliyevunja ungo juzi juzi tu, mrefu kama ngazi, jina lake la utani Maswali. Kila akitoka shule alikuja kwa bibi yake kufanya kazi za nyumbani kwenye meza ndogo ya pembeni, na wateja wakija kuchukua saa zao, yeye ndiye aliyefungua droo na kuwapa. Kwa hiyo ufunguo wa droo alikuwa nao.

Muhula huo walikuwa wakisoma umeme, sumaku na vyanzo vya nishati, na nyumba nzima ilikuwa imekoma. Jua, upepo, maji, makaa, mafuta: kila alichokiona alitaka kujua nguvu zake zinatoka wapi.

"Bibi, saa isiyo na betri nishati yake inatoka wapi?"

"Kwenye vidole vyangu."

"Na vidole?"

"Kwenye chai niliyokunywa asubuhi. Na ukiniuliza chai imetoka wapi, nitakufukuza."

Bi Dakika hakuwa mtu wa kueleza. Kueleza kulimchosha. Hata amri moja iliyokuwako dukani hakuwahi kuifafanua: sumaku haiingii humu. Mteja mwenye mkoba wa kufungwa kwa sumaku aliuacha kwenye kiti cha nje. Maswali alipouliza kwa nini, alijibiwa, "Kwa sababu nimesema," na mtoto akaihesabu amri hiyo pamoja na ile ya kutopiga mluzi ndani ya nyumba, yaani mambo ya wazee.

Alhamisi mchana Maswali aliingia na dira aliyoazimwa shuleni. Alipewa zoezi la kuchora ramani ya mahali anapokaa na kuonyesha kaskazini. Bi Dakika alikuwa akipanga bisibisi zake kwenye boksi, kwa taratibu, kama anayekunja nguo za mtu aliyefariki. Binti akaiweka dira juu ya meza kubwa, akasubiri sindano itulie, akaanza kuchora.

Bibi akatupa jicho. "Wewe, kaskazini ni huko kwenye tangi la maji. Hiyo dira yako imelewa."

"Dira hailewi, Bibi."

"Basi mbona inaelekea kwenye droo yangu?"

Maswali akaisogeza dira upande wa pili wa meza. Sindano ikageuka, ikaielekea droo tena. Akaisogeza tena, ikageuka tena. Rangi ikamtoka mtoto usoni.

"Fungua," alisema Bi Dakika.

Alifungua. Akainua trei ya saa zilizokamilika, na chini yake, ndani ya kitambaa, akatoa sumaku ya duara, nzito, nyeusi, iliyotolewa kwenye spika kubwa. Alipewa na fundi redio wa duka la pili. Alitaka kuitumia kwenye klabu ya sayansi, kuizungusha karibu na koili ya waya awashe balbu ndogo. Nyumbani wadogo zake wangeichukua, na droo ya bibi ndiyo pekee yenye kufuli.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na hapa kilikuwa chini ya trei.

Maswali alianza kulia kabla hajaulizwa. "Bibi nisamehe. Sikujua. Jana tu ndiyo mwalimu ametufundisha kwamba sumaku inaweza kukifanya chuma kingine kiwe sumaku. Nikapata wasiwasi, nikaogopa kusema. Na kesho unafunga duka, na ni mimi. Ni mimi, Bibi!"

"Uliiweka lini?"

"Klabu ilipoanza."

"Kabla ya refa au baada?"

"Kabla."

Bi Dakika akainamisha kichwa juu ya meza, mabega yakaanza kutikisika. Mtoto akajua amemuua bibi yake. Akasogea, akamshika mkono, na bibi akainua uso uliojaa machozi, unacheka.

"Sema tena."

"Niliweka sumaku..."

"Tena!"

"Niliweka sumaku kwenye droo, Bibi. Ndiyo iliyoharibu saa."

"Si mikono yangu!" Bi Dakika alipiga meza hadi boksi la bisibisi likaruka. "Umesikia, mke mwenzangu? Si mikono yangu!" Akamvuta binti, akambana kifuani, na yule aliyekuwa akisubiri kofi akabaki ameduwaa, machozi yakimkauka mashavuni. Furaha ya namna ile Bi Dakika hakuwa ameionja tangu azikwe mumewe, na hakuona haya kuionyesha.

Hasira ilikuja baadaye kidogo, nayo ilimwendea mwenyewe. Alijua tangu utotoni kwamba sumaku ni adui wa saa. Lakini aliiamini amri yake kiasi kwamba kosa alilitafuta kila mahali, hata ndani ya mifupa yake, asilitafute kwenye droo. Na mtoto angewezaje kuiheshimu amri asiyoambiwa sababu yake? Akaifungua saa ya refa, akamkabidhi Maswali kioo cha kukuzia.

"Tazama. Ile kamani kubwa iliyofichwa ndiyo inayotunza nguvu za vidole. Hii nyembamba kama unywele inajikunja na kujikunjua, ndiyo pumzi ya saa. Mizunguko yake haitakiwi kugusana. Ikishikwa na usumaku, inavutana, inagandana, pumzi inakuwa fupi. Na mwenye pumzi fupi..."

"Anahema haraka," Maswali alimaliza. Akaisogeza dira karibu na saa, sindano ikacheza. "Sasa tunautoaje usumaku?"

Swali hilo bibi hakuwa na jibu lake. Baba yake alikuwa akiitupa kamani na kuweka mpya, na kamani mpya za saa za kale ziko wapi siku hizi? Ila Maswali alikuwa ameanza kunong'ona peke yake, macho juu. Mkondo wa umeme ukipita kwenye koili, koili inakuwa sumaku. Mkondo ukigeuka, ncha za sumaku zinageuka. Na umeme wa nyumbani huenda na kurudi, mara nyingi sana kwa sekunde moja.

Wakaenda kwa fundi redio. Huyo alikuwa na koili pana ya waya, ya enzi za televisheni zenye mgongo, aliyokuwa akiitumia kuondoa madoa ya rangi yaletwayo na usumaku kwenye vioo vyake. Alipoelezwa kisa cha sumaku alishika kichwa. "Kumbe zawadi yangu ndiyo iliyotaka kukufungia duka, mama yangu! Lete hiyo saa."

Akakausha mikono, akachomeka plagi, koili ikaanza kunguruma. Akaiweka saa katikati, akahesabu kimoyomoyo, akazima. Wakaileta dira. Sindano ikaruka kuliko mwanzo.

Fundi redio akakuna kisogo. Maswali akakaa chini sakafuni, akakunja uso, na safari hii hakuna aliyemharakisha.

"Umeizima koili saa ikiwa bado ndani," alisema mwishowe. "Umeme ulikuwa unaigeuza huku na huku, ukakatika ghafla, saa ikabaki imeelekea upande mmoja. Tuiache koili inawaka, tuitoe saa pole pole, iende mbali. Ikizidi kuwa mbali inavutwa kidogo, halafu kidogo zaidi, mpaka isielekee popote. Halafu ndiyo tuzime."

"Nani kakufundisha hayo?" aliuliza fundi redio.

"Nimefundishwa nusu. Nusu nyingine ndiyo nimeifikiria hapa."

Bi Dakika akaichukua saa mwenyewe. Akaipitisha katikati ya koili inayonguruma, akairudisha nyuma polepole, kwa mkono usiokwenda kushoto wala kulia, hadi akafika mlangoni. Fundi akazima. Dira ikaletwa. Sindano ikabaki imetulia, inatazama tangi la maji.

Waliziondoa usumaku saa zote, na vibano, na bisibisi. Sumaku yenyewe ikarudi kwa fundi redio, Maswali aikute huko siku za klabu. Bi Dakika akaiweka saa ya refa sawa na redio, akaenda kulala, lakini usingizi ulikuwa wa kuibia ibia.

Ijumaa asubuhi mwanawe alifika dukani kuchukua ufunguo. Alimkuta mama amekaa kitini, binti amesimama na sare ya shule, na redio iko wazi. Akataka kusema, wakamwambia kwa pamoja, "Shh!" Mtangazaji akasema ni saa mbili kamili. Mshale wa sekunde wa saa ya refa ukafika juu hapo hapo.

Maswali akamweleza baba yake kila kitu kwa pumzi moja, pamoja na kosa lake. Muuguzi alisikiliza, akaitazama saa, akamtazama mama yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Ilikuwa saa ya mkono ya marehemu baba yake, ile aliyokuwa akihesabia yeye mapigo ya moyo ya wagonjwa.

"Imesimama tangu mwezi juzi," alisema. "Niliogopa kukuletea, Mama. Nilisema ukishindwa na hii, utaumia. Nikaona heri nikufiche."

Kumbe hata mwanawe hakuiamini tena mikono ya mama yake. Hilo lilimchoma Bi Dakika, lakini halikukaa, maana saa ilikuwa tayari iko mezani mbele yake. Akaigeuza, akasoma jina la mumewe lililochorwa mgongoni. Akavaa kioo chake jichoni, akaufungua mfuniko na kuchungulia kwa muda mrefu, mwanawe amesimama mlangoni kama mteja yeyote.

"Vumbi tu," alisema bila kuinua kichwa. "Mwambie yule kijana wa simu atafute duka jingine. Na wewe, baba, njoo kesho uchukue saa yako."