Viatu vya Kachero Kunguni

...na viatu vinaonekana, jamani, si vinaonekana, vyeupe mbele vyeusi nyuma, vimechomoza chini ya pazia kama pua za mbwa wawili, na yeye mle ndani ya pazia amebana pumzi, mtu mzima na ndevu zake za bandia, eti amejificha, eti kachero wa serikali, Kachero Kunguni, nani alimwajiri huyu, na wale wa magendo wamekaa mezani wanaviona viatu, wanakonyezana, mmoja anasukuma kikombe cha chai kwa mguu, polepole, mpaka kwenye pazia, na mkono unatoka, ee Mungu wangu, mkono unatoka chini unachukua kikombe, tunasikia anavyokunywa, fyuu, fyuu, halafu kikombe kinarudi kitupu, na humo ndani ya nyumba ya Hilaria watu wanavunjika mbavu, namsikia Urbani anavyocheka akijipiga goti kwa kiganja, mimi sicheki, mimi huku nje nimeuma ukosi wa koti tu kwa sababu ya baridi, au niseme kweli mbele ya Mungu, si baridi peke yake, lakini sikuja hapa kucheka, nimekuja kwa kazi, katekista wa kigango hawezi kumsema mtu kwa Padri kwa habari za kuokota njiani, lazima aone kwa macho yake, na kesho Padri anapanda kutoka parokiani kumbatiza mtoto wa Stella, na ataniuliza kama anavyoniuliza siku zote, Mwalimu Wendelin, huyu dada yake Stella, huyu Hilaria, anafaa kuwa mama wa ubatizo? na mimi nitasema, Padri, hafai, nilishawaambia wazee wa kigango hafai, nyumba yake kila Jumamosi imejaa wake kwa waume wamebanana mbele ya kioo cha televisheni wanachekea upuuzi, saa ambayo Wakristo wenzao wanasali rozari, hafai, na Stella amelia mbele ya mke wangu, akasema sina ndugu mwingine, mtoto atasimamiwa na nani, alie tu, machozi hayabadilishi sheria... tazama sasa, anatoka kwenye pazia, anadhani wamelala, wamefumba macho wote wanne na mmoja anakoroma kwa makusudi, na huyu mpumbavu ananyata kwa ncha za vidole, anakagua mifuko yao, anaweka alama hewani kwa kidole kama mtu anayehesabu kuku, hivi kichwani kuna nini, mtu hawezi kuhisi kwamba anatazamwa? mimi nikitazamwa najua, ngozi ya shingo inaniambia, niliona hata darasani Kigonsera, nilikuwa najua mwalimu yuko nyuma yangu kabla fimbo haijashuka, lakini watu kama Kunguni wamejaa duniani, wanajiona wajanja kwa sababu wenzao wana heshima, namdharau, sijapata kumdharau mtu kama ninavyomdharau huyu, na aliyetengeneza mchezo huu huko Dar es Salaam ninamdharau, na hawa wanaoutazama vilevile, Bwana nisamehe, dharau ni dhambi na nitaiungama, lakini tazama wenyewe, tazama walivyokaa, tangu soko huria liingie na makampuni yaje na mizani zao mpaka barabarani, Emilian mume wa Hilaria amekuwa mnunuzi wa kahawa, hayupo hata leo, yuko kwenye lori, akitoka Songea analeta mikanda hii ya video, pesa imekuja mbio kuliko akili, wamenunua televisheni, wamenunua deki, wamenunua jenereta linalotoa moshi mpaka kwenye mibuni, na hawajui hata kupanga sebule, mwanzo walikuwa wameweka televisheni ikitazama mlango, vizuri kabisa kila mtu anaona, mara wakaigeuza, sasa imetazama huku dirishani, na wao wamekaa upandeupande wamepinda shingo kama kuku wanaosikiliza mwewe, Bibi Tadea maskini, mzee wa watu haoni ila nusu ya kioo, na sauti ndiyo wamefungulia mpaka mwisho, utafikiri wote ni viziwi kama yeye, mimi huku nje nasikia kila neno, hasara ya mafuta tu... na pazia lao, hawajui kazi ya pazia, wamelifunga fundo kando, mtu yeyote mwenye nia mbaya anaweza kusimama hapa akawaona wote, na mbwa wao yule mkali, Tairi, anafungwa Jumamosi peke yake, nimelichunguza hilo, siku ambayo wageni ni wengi ndiyo mbwa anafungwa, nani analinda nyumba namna hiyo, na hiki kigoda ninachosimamia, kigoda kizuri cha mninga, kazi ya fundi, kimeachwa nje chini ya dirisha tangu masika, kinanyeshewa, kinapigwa jua, siku za kwanza nilikuwa nasimama juu ya mawe, yanacheza, karibu nianguke kwenye tope la maboga, halafu Jumamosi moja nakuta kigoda, nikajisemea huu ndio uzembe wa watu waliopata mali ghafla, kitu cha thamani wanakitupa nyuma ya nyumba, nikakitumia, nimekitumia kila Jumamosi, naam, nakiri, na Margareta mke wangu nimemwambia naenda kumwona Urbani, mgonjwa, na Urbani alipona tangu Pasaka na yumo humu anajipiga goti, huo ni uongo, na nauungama hapa nilipo kabla sijauungama kwa Padri, ila Margareta naye ana maneno, leo nilipotoka ananikimbilia na koti zito, "Vaa hili, baba, utasimama sana," nikamshangaa, mgonjwa anasimamiwa? mgonjwa hukaliwa, lakini wanawake wanasema tu... mkanda unaisha sasa, Kunguni yuko ofisini kwa mkuu wake, amepiga saluti mpaka kofia imeanguka, "Afande, nimekaa nao siku nzima na hawana habari," anasema hivyo kila mkanda, kila mkanda hawana habari, na mkuu anafunika uso kwa jalada, na wimbo unaanza, na majina yanapanda, na kioo kinakuwa cheupe, na Hilaria anasimama, kitenge chake amekifunga kiunoni kama mtu wa shamba, kweli mali haikumgeuza mavazi, hilo nampa, anatoa mkanda anaingiza mwingine, nasikia deki inavyoumeza, na sasa atabonyeza... habonyezi, anarudi kukaa, tena yaleyale, kila wiki yaleyale, mashine yao mbovu, lazima wakae kimya wanaitazama kama watu wanaosubiri chungu kichemke, hata leo mwanzoni ilikuwa hivi, kimya, kimya, mpaka hiki kifua changu kikanishinda, nikakohoa ndani ya kiganja, na papo hapo ikawaka, mashine inafuata majira yake yenyewe, kitu cha mkono wa pili bila shaka, na wanajivuna nacho... kifua kinawasha tena, nisikohoe sasa, kumekuwa kimya mno, jenereta liko mbali kwenye mibuni, watanisikia, meza mate, Wendelin, meza mate, yule mwanamke mgeni anageuka geuka, ndiye Hedwiga, amepanda kutoka Mbaha ziwani na visamaki vyake vya usipa mkavu, nilimwona mchana sokoni akibishana na kila mtu, watu wa ziwani hawana sauti ya chini, anasema, "Sasa mbona hamuwashi? Mimi alfajiri nashuka, nisije nikasinzia sijamwona tena huyo Kunguni wenu," na Hilaria anasema, "Subiri kidogo, dada," "Nasubiri nini, umeme upo, mkanda umeshaingia," na mtu anasema sss, na Bibi Tadea, ambaye uziwi wake unamfanya aongee kama anaita mtu ng'ambo ya bonde, anasema, "Anasubiriwa Mwalimu akohoe." "Mwalimu gani?" "Wendelin. Katekista wetu. Yuko hapo dirishani. Akikohoa ndiyo tunajua yupo, amekanyaga vizuri, tunawasha."

...hapana... hapana, sikusikia vizuri, nimesikia vizuri, kila neno, televisheni ndiyo huongezwa sauti, Bibi hahitaji kuongezwa, na mguu wangu mmoja umekufa ganzi na siwezi kuushusha, kigoda kitalia, na ndani Hedwiga anacheka, anacheka peke yake, "Mwalimu mzima wa dini! Dirishani! Si mumkaribishe ndani?" na Hilaria, "Aingie vipi, na alishasema kanisani hapa ni kwa shetani? Ataona aibu. Mwache. Yeye hatusumbui, sisi hatumsumbui," na Urbani, Urbani ambaye nimemsingizia ugonjwa miezi yote hii, anasema, "Halafu wengine tunakuja kumsikiliza yeye, shangazi, anavyojikaza asicheke, anatoa mlio kama bata aliyekabwa, huyo wa kwenye kioo ni nyongeza tu," na hapo wanacheka wote, chini chini, kwa adabu, wanaziba midomo, wananichekea kwa adabu nisisikie, bata, mimi bata, mimi niliyewafundisha nusu yao Baba Yetu... na Hedwiga hanyamazi, "Ngoja, huyu si ndiye mliyenisimulia, anayekukatalia kumsimamia mtoto wa Stella?" na kicheko kinakatika, na Hilaria anasema, "Ndiye." "Na kigoda unampa? Kile nilichokiona nje nikataka kukiingiza ukanizuia?" "Kifua chake kibovu, dada. Ulitaka asimame kwenye tope la maboga? Akivunjika mguu nani atawafundisha watoto wa komunyo, wewe?" "Mimi ningemfungulia mbwa," anasema Hedwiga, na Hilaria anasema, "Kuna wiki nilitaka," na wanacheka tena, na mimi nangoja hasira ije, iko wapi, dharau iko wapi, nilikuwa nayo hapa sasa hivi, imejaa mkononi, namtafuta wa kumtupia, nimtupie Bibi Tadea anayepinda shingo aone nusu ya kioo ili mimi nione chote? kumbe walikigeuza, kumbe pazia, kumbe sauti, kumbe mbwa, na Margareta, Mama wa Mungu, na Margareta, utasimama sana, baba, vaa hili, mke wangu anajua, amejua tangu lini, ananiona natoka na kitabu cha sala kwapani na ananikimbilia na koti, na watoto wa mafundisho, wale wasichana wa nyuma wanaotazamana kila nikikohoa, nikawapigisha magoti kwa utovu wa adabu, kigango kizima, mpaka mbwa, mpaka mgeni kutoka ziwani amehadithiwa, na mimi nilisema shingo yangu inaniambia nikitazamwa, shingo gani, mbao hii... naweza kushuka, naweza kupita kwenye mibuni nikatokea barabarani, Tairi amefungwa, amefungwa kwa ajili yangu, lakini nikiondoka watangoja, najua watangoja, watakaa na mkanda mle ndani na usiku wote wasiwashe, halafu watatuma mtu nyumbani kwangu kuuliza kama naumwa, walituma siku ile niliyokwenda mazishini Matiri, Urbani mwenyewe alikuja na viazi kwenye kikapu, "Shikamoo Mwalimu, tumesikia hujisikii vizuri," nikamwambia nani kakwambia, nikamdharau kwa umbea, nikala viazi... na kesho Padri atauliza, huyu Hilaria anafaa? na wazee watanitazama, na Stella atakuwa amesimama na mtoto kwenye shuka nyeupe, na Hilaria nyuma kabisa mlangoni pale ninapomwachaga, na nilisema nimekuja kuona kwa macho yangu, basi nimeona, sina ushahidi mwingine zaidi ya huu, Padri, anafaa, na ukiniuliza nimejuaje nitasema nimemwona mwenyewe, nyumbani kwake, na ukiniuliza nilikuwa wapi nitasema dirishani, mbele ya wazee nitasema dirishani, juu ya kigoda chake, ila inawezekana kesho nisiweze, najijua, mimi mwoga, inawezekana nikanong'ona hafai na kuangalia chini, Bwana usiniache nikaangalia chini... kifua kinapanda, kinawasha, nimekizuia mpaka machozi yanatoka, na humo ndani wako kimya tena, wote, hata Hedwiga, mikono mapajani, shingo zimepinda, kioo cheupe, hakuna anayegeuka kutazama huku, hata mmoja, wanajitahidi wasigeuke, naona mishipa ya shingo ya Urbani anavyojitahidi, wananingoja mimi, na kukohoa sasa si kukohoa tena, nikikohoa nimesema ndiyo, ni mimi, niko hapa, na wao watajua kwamba nimesikia, au hawatajua, Bibi atajua, viziwi wanajua, na giza ndio linakolea juu ya maboga na baridi imeingia kwenye soksi, na mimi nafungua kiganja nakitoa mdomoni, nakohoa, kwa sauti, kikohozi chote, kama mtu anayebisha hodi, na Hilaria anasema, "Haya," anabonyeza, na mwanga unakuja, na lile pazia lao la mchezo linatokea tena, na viatu chini yake, na mimi nasogea kidogo juu ya kigoda nipate kuona vizuri.