Kipande Chekundu

Lorinda alitoka mjini Phoenix kuja kumtembelea shangazi yake, Bi Desbah, wakaenda pamoja kwenye hifadhi ya miti iliyogeuka mawe. Magogo yalilala yamekatika kwenye vilima vya udongo mwekundu visivyoota hata jani. Bi Desbah hakuyagusa.

"Mifupa ya lile jitu lililouawa na mapacha wa hadithi za wazee wetu hiyo," alisema. "Iache ilale."

"Shangazi nawe! Ni mti tu huo."

Shangazi alipogeuka, Lorinda akaokota kipande chekundu, akakificha.

Langoni, walipokuwa wakitoka na gari, askari wa hifadhi aliwauliza kama wamechukua chochote. Lorinda akaingiwa na hofu, akakisukumiza kile kipande ndani ya mkoba wa shangazi uliokuwa kati yao. Askari akaomba kuutazama mkoba, akakiona.

"Mama, hiki nini?"

Bi Desbah alimtazama Lorinda, ambaye alikuwa ameshika usukani na kukodoa macho mbele.

"Uzee huo, mwanangu," akamwambia askari. "Nisamehe."

Askari akakichukua, akawaruhusu. Walipofika barabara kuu, Lorinda akageuza gari.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kumwambia ni mimi."

"Si ameshasamehe? Twende tukale, nina njaa."

"Amekusamehe wewe, shangazi."

Alirudi, akamweleza askari yote huku akilia, akatozwa faini. Njiani walinunua mkate wa kukaanga, shangazi akammegea. Lorinda aliupokea, akauweka mapajani bila kuula.