Kifungo cha Koti

Jamani, ngojeni niwahadithie ya kile kifungo, maana nikikaa nayo nitapasuka.

Usaili ulikuwa wa kazi ya mapokezi, kliniki ya meno. Wa tatu kwangu tangu nimalize chuo. Mara mbili za kwanza niliambiwa kitu kilekile: vyeti vizuri, ila binti umekaa kama unasubiri kuchapwa. Basi safari hii wiki nzima niko mbele ya kioo. Mgongo wima, mabega nyuma, macho kwa anayeuliza, mikono itulie. Shangazi yangu, fundi cherehani, akasema atanishonea koti.

"Pumua," akaniambia, tepu kiunoni mwangu.

"Si napumua, shangazi."

"Umevuta tumbo. Nitampima mtu ambaye hayupo."

"Na siku hiyo nitakaa hivihivi!"

"Haya, bibi harusi wa kliniki. Shauri yako."

Siku yenyewe nikaingia, nikakaa kama nguzo. Mbele yangu daktari, mama wa makamo, na mhasibu wake.

Daktari akauliza, "Mgonjwa akija analia kwa maumivu, utafanyaje?"

Jibu nalijua! Nikavuta pumzi nijibu, pa! Kifungo kikaruka, kikadunda mezani, kikatumbukia kwenye chai ya mhasibu.

Nikajua basi, kazi imeenda. Mabega yakashuka yenyewe, nikajikuta nacheka huku machozi yananilenga. "Samahani sana, mzee wangu. Shangazi alinikataza kuvuta tumbo akinipima."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, sasa nijibu."

Nikamjibu nimemwinamia kidogo, mikono nayo inaongea: nitatoka nyuma ya meza, nikae naye, nimuulize ni jino lipi.

"Wanaokuja hapa wana hofu," akasema. "Uso wa kwanza kuuona ni wa mapokezi. Wewe ulivyoingia, hata mimi niliogopa."

Maneno hayo bado ninayo. Wiki nzima kwenye kioo nilikuwa najitazama mwenyewe tu. Wa upande wa pili wa meza sikumfikiria hata mara moja.

Jana simu ikaita: nianze Jumatatu! Nikakimbia kwa shangazi. Wala hakupiga kigelegele, alichukua tepu.

"Simama nikupime upya. Na hilo tumbo liache."

Nikaliacha. Tepu ikaongezeka vidole vitatu.

"Eeh," akasema. "Huyu sasa namjua."