Kikombe cha Vibarua

Nyamoita alikuwa na kikombe chake pale alipoolewa. Kilikuwa cha bati, rangi imebanduka, mkono umefungwa kwa waya. Kilining'inia kwenye msumari nje ya jikoni, na wengine waliokinywea ni vibarua wa kuchuma majani chai. Mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima kilimwita Bot Kiplimo, yaani mama yake Kiplimo, ndiye aliyempa siku ya kwanza.

"Mtu wa kutoka Kisii na vikombe vya nyumba, wapi na wapi?"

Miaka minne alikinywea.

Nyamoita alifinyanga. Udongo aliutoa mtoni, akauchoma kwa magunzi na mavi makavu ya ng'ombe. Hakutaka vyungu. Alifinyanga vitu vya boma: gambuti iliyopasuka kisigino, kikapu cha majani chai, jembe lililoisha. Na kikombe kile, na mabaka yake, na waya wake, vyote vya udongo.

Mwaka wa tisini na sita, Mwalimu Priscillah wa chuo cha ufinyanzi alifika kijijini kwao Mogogosiek kuchagua mwanamke mmoja wa kusomeshwa ufinyanzi bure, mwaka mzima, alale chuoni hata na mtoto wake. Nyamoita hakuwahi kutaka kitu hivyo. Kazi zao za udongo zilipangwa kwenye meza ya kanisa, wanawake wakaizunguka.

"Woi! Hiki si kile cha kwa Bot Kiplimo?" jirani yao Cherotich akacheka. "Kile cha vibarua! Hata waya!"

"Kwa nini ulichagua hiki, mama?" Mwalimu akauliza.

Bot Kiplimo alikuwa amesimama hapo hapo, mjukuu wake Joan mgongoni. Nyamoita angeweza kusema amekiona tu mahali.

"Ndicho ninachonywea."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akakiinua kwa mikono miwili, kisha akaandika jina la Nyamoita kwenye barua ya chuo, akampa.

Nyumbani, Bot Kiplimo hakupiga kelele.

"Nenda ukasome. Kiplimo amekubali."

Kiplimo, kwenye stuli yake, alitazama viatu vyake.

"Lakini Joan anabaki. Huyu ni mtoto wa boma hii."

"Mama, bado ananyonya."

"Alikuwa ananyonya." Akakaza shuka mgongoni. "Kuanzia leo ni uji."

Joan alilia mpaka sauti ikakauka. Maziwa yaliloweka blauzi ya Nyamoita. Kila aliponyoosha mikono, mama mkwe alimgeuzia mtoto upande wa pili.

"Si umechaguliwa wewe? Sasa unangoja nini?"

Nyamoita alichukua barua ya chuo, akaitia motoni mwenyewe.

Bot Kiplimo akaingoja iishe kuungua. Halafu akafungua kabati la sebuleni, akatoa kikombe cha kauri chenye maua, akamimina chai, akatia sukari vijiko vitatu.

"Karibu, Mama Joan," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. Ndipo akafungua shuka.

Mtoto alirukia ziwa. Nyamoita akanywa. Kidole gumba kilipapasa mahali mkono wa kikombe ulipoungwa, kikatafuta, kisipate alama.

"Maliza upesi," mama mkwe akasema. "Kesho tunachuma mapema."