Rangi ya Kucha Kwenye Pini ya Tatu

Oddrun Bjørkavåg alikuwa na miaka sabini na ushei, magoti mabovu, na furaha isiyokuwa na adabu hata kidogo. Furaha yenyewe ilikaa juu ya meza ya jikoni kwake, mjini Volda: kisanduku cheusi, kikubwa kiasi cha mkate, chenye nafasi mbili tupu za kutia diski. Ukikitia diski na kukiunganisha na intaneti ya nyumbani, televisheni ya sebuleni inachota filamu humo, simu inachota picha humo, na diski moja ikifa, mwenzake anaendelea na kazi kana kwamba hakuna msiba. Alikinunua mwenyewe, hakumuuliza mtu, na kila alipopita jikoni alikipapasa mgongoni.

Ila kisanduku bila diski ni debe tupu, na sikukuu ya taifa, Mei kumi na saba, ilikuwa inabisha hodi. Asubuhi ya siku hiyo mwanawe Torgeir angefika kutoka Stavanger. Torgeir ni mhandisi wa kompyuta, na alishatangaza kwenye simu, kwa sauti ya daktari anayezungumza na mgonjwa, kwamba safari hii anaondoka na diski ya filamu za marehemu baba. Diski yenyewe ilikuwa moja tu, kuukuu, imeanza kukohoa, na humo mlikuwa na kila sikukuu ambayo Asbjørn aliirekodi tangu yeye na Oddrun walipooana. Torgeir alimwachia mama yake upenyo mmoja: kama hadi kifungua kinywa cha sikukuu atakuwa amezihifadhi filamu mahali salama, basi, zibaki Volda. Aliyasema hayo kwa ukarimu wa mtu anayejua kwamba hatadaiwa.

Oddrun alimwelewa vizuri sana. Filamu zikienda Stavanger, zimekwenda. Angeziona Krismasi, Torgeir akipata nafasi, na Torgeir hajapata nafasi tangu azaliwe. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya mumewe, na Oddrun hakuwa tayari kumpigia mtu magoti ili amsikie mume wake mwenyewe. Magoti hayo hayakuwa na hali hiyo, kwanza.

Basi akajifunga kibwebwe. Watengenezaji wa kisanduku walikuwa wameweka mtandaoni majina ya diski zinazokubaliana nacho, na Oddrun akayasoma yote, kahawa ikimpoa mkononi. Akagundua kwamba diski si diski tu. Kuna zilizoumbwa kufanya kazi mfululizo bila kununa. Kuna za makampuni makubwa, zinazonguruma mpaka jirani agonge ukuta. Halafu kuna zile za hila, zinazoandika mistari ikilaliana mfano wa vigae vya paa: ukizitia kwenye kisanduku zinazubaa katikati ya kazi, mpaka kisanduku kinazikana. Hizo hakuzitaka hata za bure. Na lazima zote mbili ziwe na ukubwa sawa, maana kubwa ikiwekwa na ndogo, ile kubwa inapunguzwa hadi ilingane na mwenzake, na kilichozidi kinapotea bure. Alifurahia kuyajua hayo kiasi kwamba alimsimulia hata mwanamke wa kanisani aliyekuja kuchukua keki.

Duka la Ørsta, mji wa jirani, halikuwa na hata moja kati ya diski alizozitaka. Kuagiza waliweza, ila wiki hiyo ilikuwa na Sikukuu ya Kupaa juu ya sikukuu ya taifa, na kila mtu alishakwenda zake kwenye nyumba yake ya milimani. Zilizokuwepo ni diski za nje, zile za kuchomeka kompyuta kwa waya, zimefungwa ndani ya maganda ya plastiki. Kijana wa dukani angemwambia kwamba hizo hazitoshi kwenye kisanduku. Oddrun hakumpa nafasi. Mtandaoni alikuwa amekutana na wapenzi wa visanduku, watu wazima wenye kazi zao na familia zao, na akausoma mchezo wao: unanunua diski ya nje, unabandua ganda, na ukibahatika ndani unakuta diski ile ile nzuri, imevaa lebo nyingine. Dhamana inakufa papo hapo, lakini nani ana haja na dhamana? Akanunua mbili, akatoka dukani anatembea upesi kuliko magoti yalivyoruhusu.

Kazi ya kubandua ilihitaji mtu wa pili, na mtu wa pili katika maisha ya Oddrun ni Bergljot, jirani na shoga yake, muuguzi mstaafu aliyeshona vichwa vya nusu ya wavulana wa Volda. Watu wa mtandaoni walishauri kutumia kadi za benki za zamani. Bergljot akasema kadi yake haivunji kwa ajili ya filamu alizomo yeye akiwa na nywele zile za mwaka themanini. Akafungua droo, akatoa kisu bapa cha kuparia jibini, akakipenyeza kwenye ufa wa plastiki. Ganda likalia ka! Oddrun akaruka. Likalia tena, likaachia, na diski ikateleza mezani, tupu, inang'aa, na kipande chembamba cha jibini la kahawia kimeganda ubavuni.

Lebo yake ilikuwa nyeupe isiyo na mapambo. Oddrun akailinganisha namba ya aina yake na ile ya diski iliyokubalika, tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa ndiyo. Ya pili nayo ilikuwa ndiyo. Akamkumbatia Bergljot, akakumbatia na friji.

Wakazitia diski ndani ya kisanduku, wakawasha. Taa ikawa ya machungwa. Wakatega sikio. Kimya. Wakazima, wakawasha upya. Kimya kile kile.

"Shoga, tumeziua," Bergljot akasema, na akaweka kisu cha jibini mbali naye taratibu, asije akalaumiwa yeye.

Oddrun akakaa. Furaha yote ilimshuka hadi miguuni. Akilini alimwona Torgeir akiingia, akiitazama taa ya machungwa, akimbusu shavuni kwa upole. Upole ndio uliomtia hofu. Angekubali matusi, lakini si mwanawe kumwonea huruma huku anapakia filamu za Asbjørn kwenye gari. Akavuta kompyuta, akawaandikia wale wapenzi wa visanduku maneno ya kweli: amefungua, amezitia, hazizunguki, na ana siku mbili.

Jibu likaja kabla kahawa haijachemka, kutoka kwa mtu wa Tromsø. Diski za namna hiyo, akaandika, zina pini ya umeme, ya tatu kuanzia ukingoni. Visanduku vingine huipelekea umeme, na diski huufahamu umeme huo kuwa ni amri ya kulala. Hazijafa, zinatii tu. Ifunike pini hiyo kwa kitu kisichopitisha umeme, nazo zitaamka.

Wakatafuta utepe. Uliokuwepo ni ule mpana wa kufungia mabomba, na kila walipoukata mwembamba ulijikunja na kuwang'ang'ania vidole. Hapo Bergljot akazitazama kucha zake, zilizokwisha kupakwa rangi nyekundu kwa ajili ya sikukuu. Akamtazama Oddrun. Mkoba ukafunguliwa, kichupa kikatoka.

Tatizo likawa kicheko. Bergljot akishika kibrashi, Oddrun anaanza. Oddrun akinyamaza, Bergljot mabega yanamtikisika. Pini zenyewe ni nyembamba mno, na ukipaka ya jirani umeharibu. Ikabidi Oddrun atolewe nje barazani, afungiwe mlango, awe anachungulia dirishani, ndipo mkono wa muuguzi ukatulia. Tone kwa pini ya tatu, tone kwa pini ya tatu ya mwenzake. Kisha akaruhusiwa kurudi, na wanawake wawili wazima wakainama mezani wakizipuliza zikauke.

Walipowasha, diski ikaguna. Ya pili ikaguna. Halafu zote mbili zikaanza kuvuma, taratibu, mvumo mmoja, na taa ikageuka kijani. Oddrun alilia na kucheka kwa pamoja, hakujali. Wakazunguka meza wakicheza, magoti yakalalamika, hakuna aliyeyasikiliza. Diski kuukuu ilipochomekwa, filamu zikaanza kuhama, na siku nzima iliyofuata Oddrun alipiga pasi vazi lake la jadi akiwa na jicho moja kwenye asilimia.

Torgeir alifika asubuhi ya sikukuu akiwa amevaa vazi lake, vifungo vya fedha vinameta. Samoni ilikuwa mezani, mayai yalikuwa mezani, shampeni ilikuwa kwenye barafu. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku. Akazikagua filamu, zilikuwemo zote. Akaisoma aina ya diski, akaguna. Akakizima kwa utaratibu, akavuta diski moja, akaigeuza.

"Mama, hii nyekundu ni nini?"

"Rangi ya kucha. Ya Bergljot."

Torgeir akacheka, kicheko cha kupaliwa, mpaka akashika meza. Akasema imepakwa vizuri kuliko ambavyo angeipaka yeye. Lakini alipoirudisha na kuiwasha uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bila shaka umezinunua siku moja, duka moja," akasema. "Diski hizi zimetoka kiwandani pamoja, mama. Za namna hii wakati mwingine hufa pamoja."

Oddrun alikuwa amesoma kila kitu isipokuwa hilo. Akasubiri neno linalofuata, la kupakia na kuondoka. Halikuja. Torgeir alikuwa ameshika diski kuukuu, anaisugua kwa kidole gumba.

"Si kwamba nilidhani utashindwa," akasema, sauti imeshuka. "Ni kwamba sikumbuki tena sauti ya baba. Najaribu nikiwa kwenye gari. Haiji."

Kumbe. Siku zote hizo Oddrun alikuwa akipigana na mwizi, na mwizi mwenyewe alikuwa ni mtoto aliyefiwa. Alitaka kumzaba kibao na kumkumbatia. Akamkumbatia.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu, na mimi ningelala usingizi," akamwambia. "Hizi mbili hazitoki hapa. Hiyo nenda nayo. Ukifika tu uitolee nakala, maana ina kikohozi, na hizi zangu zikifa pamoja ni wewe utakayenirudishia baba yako."

Torgeir akaitia diski ndani ya koti, upande wa kushoto, akafunga vifungo vyote vya fedha juu yake. Matarumbeta yalikuwa yameanza kusikika mtaani. Alikwenda nayo kwenye maandamano hivyo hivyo, mkono kifuani, na watu wa Volda wakadhani anauheshimu wimbo wa taifa.