Pofu wa Mjomba wa Bibi Harusi

Watu wa Kibiti watakwambia kwamba mimi Mwajabu niliiharibu harusi ya mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Wasikilize. Ukimaliza kuwasikiliza, nisikilize na mimi, maana niliyekuwa jikoni ni mimi, na niliyeonja chumvi mara tatu ni mimi.

Mfaume ni ndugu yangu aliyenifuata ziwa. Marehemu baba alimwachia bunduki ya kushindilia, ile ya kutiwa baruti na risasi kwa mdomoni, naye akaikatia liseni bomani Utete. Haikuwa gobori kama magobori mengine. Ukichungulia ndani ya mtutu unaona mifuo inazunguka kama parafujo. Baba aliipata kwa Mdachi na hakuwahi kujua mifuo ile ni ya nini. Yeye alitoboa shimo kwa kidole kwenye udongo mbichi, akamimina madini ya risasi humo, kilichotoka kikawa kama njugu iliyoliwa na mdudu. Ukilenga bega unapata paja. Mnyama anakwenda akichechemea, na Shaban mchinjaji anamkimbilia na kisu, anamkuta anahema, anamwelekeza kibla, anachinja. Ndivyo tulivyokula nyama miaka yote.

Mfaume hayo hayakumtosha. Vita vya Hitla vilipokwisha alikwenda Dar es Salaam, akarudi na kalibu ya shaba ya kumiminia risasi, vipande viwili vinavyobana kama koleo, na mizani ndogo ya sonara. Madini akayapata kwa watu wa delta, wanaoyabandua kwenye ile meli ya Wadachi iliyozama tangu vita vya kwanza. Mkewe akamfukuza na moshi wake, akaja kuyeyushia uani kwangu.

Sikatai, nilifurahi. Mimi nyumba ikijaa ndiyo napona. Kila Ijumaa baada ya sala ua unajaa watu, kahawa inazunguka, umbea unapikwa pamoja na risasi. Mfaume anakaa katikati kama mwalimu wa chuo.

"Hiyo ngozi juu ni taka," anasema. "Tia kipande cha nta, koroga, engua. Ukiacha taka ndani, risasi inakwenda upande kama mlevi."

Risasi nne tano za kwanza anazirudisha chunguni. "Kalibu baridi huzaa watoto wenye makunyanzi." Kalibu ikishapata moto anamimina bila kusita, risasi zinatoka laini, zinang'aa. Anakata mkia uliobaki pale pa kumiminia, anaviringisha kila moja juu ya ubao, kisha anaipima kwa mizani. Iliyopungua uzito ina pango la hewa tumboni, inarudi motoni. Baruti anapima kwa kikombe kimoja cha mwanzi, haongezi, hapunguzi. Risasi anaifunga kwa kitambaa cha bafta kilicholowa mafuta ya kondoo, anaishindilia, kitambaa kinaingia kwenye ile mifuo. Hapo ndipo tulipojua Mdachi alikuwa na maana gani: risasi inatoka ikizunguka, inanyooka.

Alisimamisha kifuu kimoja kimoja juu ya nguzo, hatua mia. Risasi tano, nne zikapasua vifuu. Watu wakamshangilia mpaka wake zao wakaja kuuliza kumetokea nini.

Basi nyama ikawa ya kumwaga. Miezi mitatu nyumba yangu haikukosa kitoweo, na asiye na kitoweo alijua pa kubisha hodi. Jambo moja tu lilikuwa geni. Shaban mchinjaji aliacha kwenda porini na Mfaume. Nikamuuliza Mfaume, akasema, "Dada, yule mzee ana tamaa, anataka shingo nzima iwe fungu lake." Mimi nikalichukua neno hilo nikalitembeza toka sokoni mpaka kisimani. Shaban akipita, watoto wanamwita Mzee Shingo. Yeye anapita zake.

Ikaja harusi ya mwanangu Zena. Mume ni Nassibu wa Maparoni, kule visiwani delta, mtoto wa Bwana Sadala, mkata mikoko, mtu wa msikiti na wa maneno machache. Kwetu mjomba wa bibi harusi ndiye mwenye nyama, na Mfaume alijitapa kwamba hatanunua ng'ombe. Akaenda upande wa Mkongo na wapagazi, akarudi na pofu dume, yule mnyama wa pembe za kusokota, mkubwa kama nyumba. Wageni walikuwa watu mia mbili, na waliotoka visiwani tu ni mitumbwi sita. Mimi nilikuwa nautaka mkusanyiko huu tangu Zena alipozaliwa: wakwe wale, washibe, waseme kwa Mwajabu kumejaa.

Ndoa ikafungwa asubuhi. Adhuhuri tukapakua pilau. Sinia za kwanza zikatoka kwenda barazani kwa wanaume, na mimi nikasimama nyuma ya mlango wa ua nisikie watu wanasemaje. Wanasifu. Nikajisikia kama nimevishwa dhahabu.

Nikaona jambo. Shaban, aliyekaa sinia moja na Bwana Sadala, alikuwa anachota wali wa pembeni tu. Nyama anaisogeza kwa kidole kwa mwenzake.

"Mzee Shingo leo kashiba," Mfaume akamtania, na watu wakacheka. "Mkwe, usimwige. Huyo pofu nimempiga nyuma ya sikio, hatua mia na ishirini, yeye ng'ambo ya kijito na mimi ng'ambo hii. Alikwenda chini kama gunia. Hakurusha hata mguu."

"Mashallah," akasema Bwana Sadala, anatafuna. "Na mchinjaji alikuwa ng'ambo ipi?"

"Mchinjaji wa nini? Nilichinja mwenyewe nilipofika."

"Ulivuka kijito."

"Nilizunguka. Pale pana mamba."

"Ukazunguka," akasema Bwana Sadala. Hatafuni tena. "Ukamkuta anahema?"

Hapo, wewe unayenisikiliza, palikuwa na neno moja tu la kusema. Baraza zima lilimngoja alitamke. Na mimi nyuma ya mlango nililingoja, naona aibu kulisema, kwamba nililingoja hata kama lingekuwa la uongo. Lakini kusema pofu alikuwa anahema ni kusema risasi yake haikuua, na hilo Mfaume asingelisema hata kwa kufa.

"Aheme vipi, mkwe? Nimekwambia nyuma ya sikio. Risasi zangu hazibakizi mtu wa kuhema. Muulize Shaban, kila tulipofika ilikuwa kazi imekwisha."

Watu wakamgeukia Shaban. Shaban akaangalia wali.

Bwana Sadala akaweka kiganja mdomoni, akatema. Donge lile la nyama likabaki mkononi mwake, akawa hajui aliweke wapi.

"Nilipiga bismillahi kabla ya kufyatua," Mfaume akasema.

Mwalimu Huseni, aliyefungisha ndoa ile, akajibu bila kupandisha sauti. "Bismillahi hainoi risasi. Mshale unakata, mkuki unakata. Hiyo yako inaponda. Mnyama akikutwa hai anachinjwa, akikutwa mfu ni kibudu. Unatulisha mzoga, Mfaume."

Sitasahau sauti zilizofuata. Mmoja alitapika pale pale penye mkeka, wengine wakakimbilia nyuma ya ua wa makuti, na kila aliyetapika alimwambukiza wa pembeni yake. Mimi ulimi wangu ulikuwa na mafuta ya kile kitoweo. Nikahesabu miezi mitatu. Kuro, swala, nyati. Mchuzi niliompelekea mzazi wa jirani. Maini niliyomlisha mama yangu kwa kijiko, kipofu wa watu, akaniombea dua kwa mzoga.

Shaban nikamvuta kando. "Mzee, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Mara ya kwanza nilimkuta mnyama amekwisha poa, nikapitisha kisu, nikapewa fungu langu, nikaondoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu sikwenda." Akanitazama. "Ningesema nini, Mwajabu? Ulishawaambia watu nina tamaa. Nani angenisikiliza? Na tamaa nilikuwa nayo."

Nikarudi jikoni. Mikono yangu ikanuka mafuta.

Mfaume akaingia jikoni. Wanawake walikuwa wameshika miiko, hawajui wapakue au waache. Visiwa vizima vilikuwa nje havijala, na ndani kulikuwa na masufuria manne yamejaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nitoke niseme nimekumbuka vibaya. Alikuwa anahema kidogo. Shaban ataitikia, nimpe anachotaka. Watu wamekwisha tapika, wana njaa, watakubali. Ukiyamwaga haya masufuria, umeniua."

"Na alihema?"

"Dada, ulikiona kile kifuu."

Alitabasamu alipolisema. Kidogo tu, kwenye pembe ya mdomo, lakini nililiona tabasamu lile. Nilikwenda nikapiga teke mafiga ya sufuria la kwanza. Pilau ikamwagika mchangani. Nikawaambia wanawake wasaidie, na hakuna aliyeuliza. Masufuria manne. Mbwa walifika kabla ya nzi.

Nikatoka barazani nikiwa hivyo hivyo, kanga imechuruzika mafuta, nikasimama mbele ya wakwe. "Nyama nimeimwaga," nikasema. "Sina nyingine. Kuna muhogo na chai. Atakayekaa, akae."

Bwana Sadala akanawa mikono mara mbili, akasukutua, akasukutua tena. Akamchukua mwanawe na Zena wangu, wakashika njia ya mitumbwi na mchana ule ule. Hakunitukana. Alisema tu kwamba Zena atakula kwao kwanza, mengine tutazungumza. Mwanangu alipita mbele yangu amefunikwa ushungi, hakugeuka. Waliokaa kunywa chai walikuwa kumi na mmoja, na Shaban mmoja wao.

Nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kuoshea masufuria. Nikasikia shoka. Mfaume alikuwa amechuchumaa penye kichwa cha pofu, pale tulipokitupa tangu jana, nzi wamemfunika mikono mpaka viwiko. Alikuwa amekwisha pasua fuvu. Akaingiza vidole viwili, akapekua, akatoa kitu, akakifuta kwenye kanzu yake ya harusi.

"Dada, njoo uone," akasema. "Imebapa upande mmoja tu. Hatua mia na ishirini."

Nikamwambia asilete mikono ile karibu na mtungi wangu. Kesho yake nilimtupia kalibu yake na mizani barabarani, na watu wawili wa Mkongo waliokuwa wanapita wakasimama kumuuliza bei ya kufundishwa kumimina risasi.